Santuri za Hati Mkato

4 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Umenikatia simu mara tatu, na ya tatu nilikuwa katikati ya neno. Ulisema nikiwa na jambo niliandike, maana kwenye simu napiga kelele na wewe hupati nafasi. Haya, nimekaa mezani na kalamu kama mwanafunzi aliyechelewa. Huku baridi inanishika magoti, na magoti yangu unayajua: miaka thelathini na mitano ndani ya mashimo ya lifti za watu. Nimestaafu, nipo nipo tu.

Mwenye duka la dawa, jirani yako wa ukuta kwa ukuta, ameniandikia. Anataka kununua duka letu apanue lake. Ameandika kwa adabu sana. Analalamika tu kwamba wewe ukimwona anavuka kizingiti unajifanya unahesabu vitabu mpaka achoke aondoke. Nimemjibu kwamba mimi sina kipingamizi. Baba alituachia lile jengo sawa kwa sawa, upande wako na upande wangu, kwa hiyo hawezi kulipata lote bila saini yako. Ndiyo maana nakuandikia kwa upole huu ambao hujauzoea.

Una miaka hamsini na minne. Umesimama nyuma ya kaunta ile tangu ukiwa msichana wa kubadilisha sindano za gramafoni, mpaka jina likakuganda. Nani bado ananunua santuri? Vitabu watu wanasoma kwenye simu. Pumzika, mama. Karatasi naziambatisha. Pa kusaini nimepawekea alama ya penseli ili usipotee.

Kaka yako,
Spika


15 Februari

Kaka Spika,

Salamu zangu utazikuta mwishoni, kama nitakuwa bado na moyo wa kuzitoa.

Karatasi zako zimefika. Zilikuwa nzuri, nzito, na upande wa nyuma mweupe kabisa, nikaona dhambi kuzitupa. Nimezikata vipande virefu virefu na sasa ni alama za kurasa. Kila anayenunua kitabu anapata kimoja. Ile yenye penseli yako kaichukua kinyozi wa ng'ambo ya barabara, na anakusalimu.

Unauliza nani ananunua santuri. Kinyozi anayo gramafoni kibandani kwake, na wateja wake humwambia anyoe polepole wimbo uishe. Mwalimu wa muziki wa shule ya msingi huja kila mwisho wa mwezi. Mkunga mstaafu huja kila Ijumaa, hakai chini, anasimama na mkoba wake begani mpaka upande mzima uishe, ndipo anasema anaitaka au haitaki. Maana sheria ya Mama iko pale pale: hapa hakuna santuri inayotoka mlangoni kabla haijasikilizwa upande mzima, muuzaji na mnunuzi wote wawili wakiwa wamesimama. Kama inaruka, iruke mbele yetu sote. Wapo walioingia na haraka zao wakatoka na hasira. Wengi walirudi.

Wewe uliondoka na miaka ishirini, basi ngoja nikukumbushe ulichokiacha. Baba alikuwa karani wa bohari kwenye kiwanda cha nguo. Akaacha kazi, akanunua gramafoni ya mwalimu mmoja aliyekuwa anahama, akafungua mlango na rafu moja. Mama alikuwa akijalidi vitabu vilivyochanika. Watu walileta vitabu vyao vikiwa majani matupu, wakavikuta vimevaa majalada mapya, na wakati wanasubiri gundi ikauke Baba anawapigia santuri. Ndivyo duka lilivyoanza. Hapakuwa na mpango wowote, ilikuwa ni kusubiri gundi ikauke. Mafundi wa kiwandani walijifunza kusoma hapa, wamekaa kwenye makreti. Bendi yao ilizaliwa kwenye kona ile ya santuri, na wewe unajua, ulikuwepo, ulikuwa unapiga makofi nje ya mdundo.

Duka haliuzwi. Si lote, si nusu, si hata kizingiti. Mwenye dawa akitaka kupanuka apanuke kwenda juu, mbingu ipo.

Salamu nimezipata, hizi hapa. Paka mafuta magoti.

Mdogo wako,
Sindano


2 Machi

Sindano,

Umenichekesha kwa alama za kurasa, halafu ukaniudhi kwa hadithi. Duka unalonisimulia wewe mimi silijui. Ninalolijua mimi ni la siku tatu tu.

Tangazo lilibandikwa Jumatatu, baada ya mgomo kiwandani kuvunjwa. Unalikumbuka. Santuri zote za Bendi ya Kiwanda na vitabu tisa, kila mwenye duka azipeleke ofisini kwa mikono yake ndani ya siku tatu. Waimbaji wawili walikuwa wameshachukuliwa. Mmoja hakurudi mpaka leo. Mimi nilikuwa getini kiwandani na wenzangu, tunaimba nyimbo zile zile ili wasikie kwamba santuri unaweza kuivunja ila koo la mtu hulivunji. Jumatano mchana kweupe namwona nani? Baba yangu mzazi, amevaa koti lake la harusi, anasukuma mkokoteni wenye masanduku mawili kuelekea ofisini. Hakusukumwa na mtu. Hakuvutwa kola. Wenye maduka wengine walisubiri wafuatwe, yeye akajipeleka, tena na koti.

Walizivunja uani kwa nyundo. Nilisikia kutoka barabarani.

Siku ya pili niliingia dukani nikamwambia nilichomwambia, wateja wakiwemo. Nilimwita mwoga. Nilimwita mtu wa kulamba viatu. Na sikuishia hapo: nilisema kwa kinyozi, nikasema kiwandani, nikasema kwenye foleni ya tiketi stesheni, mpaka mtaa mzima ukajua duka lile ni la nani. Yeye hakujibu hata neno. Mtu asiye na hatia hujibu. Nikapanda treni, na hata alipofariki sikuja, unajua.

Kwa hiyo usinipambie. Kila nikiliwaza duka lile naona mkokoteni. Nataka lisiwepo, basi. Nimesaini leo. Kama hutaki kuuza upande wako, baki nao. Mimi namuuzia mwenye dawa upande wangu, ule wa santuri, na atajenga ukuta katikati. Barua yake inaondoka pamoja na hii.

Spika


12 Machi

Kaka,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikafunga duka, nikakaa kwenye kreti nikaisoma tena. Nimekuficha jambo kwa miaka thelathini na minane. Sasa naliandika lote, kwa mwandiko mkubwa, usije kusema hukuona.

Baba hakupeleka zile santuri.

Alichopeleka ni Masomo ya Hati Mkato, sehemu ya kwanza mpaka ya kumi na mbili. Unayakumbuka yale masanduku mawili nyuma ya mlango, yaliyokaa tangu duka lifunguliwe bila kuguswa, kwa sababu nani angesimama upande mzima akimsikiliza mtu anayesoma barua za ofisini taratibu ili karani mwanafunzi aandike? Wasambazaji walikuwa wakituletea lebo za akiba kwa ajili ya santuri zilizopata unyevu njiani. Mama alikuwa na bahasha nzima imejaa. Siku ile ya tangazo alichemsha gundi ya unga, ile ile ya kujalidia, akabandika lebo za Bendi ya Kiwanda juu ya Hati Mkato, na lebo za Hati Mkato juu ya Bendi ya Kiwanda. Mimi nilikuwa nakata kingo kwa mkasi na kukandamiza kwa kitambaa. Tulifanya kazi hiyo siku mbili, wewe ukiwa getini unaimba. Vile vitabu tisa Mama alivivua majalada akavivisha ya vitabu vya hesabu, na vya hesabu akavivisha yale ya vile tisa. Koti la harusi lilikuwa ni wazo lake pia. Alisema mtu aliyevaa vizuri hapekuliwi sana.

Baba alitaka uambiwe. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilisema, huyu tukimwambia asubuhi, saa sita kinyozi anajua, saa nane ofisi nzima inajua. Hukuitwa Spika bure. Baba alinitazama, akamtazama Mama, akasema sawa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo ndiyo iliyonifunga mdomo miaka yote. Alhamisi, siku uliyoingia kumtukana, kulikuwa na mtu amesimama kando ya gramafoni, amevaa shati la mikono mifupi. Ulimdhania mteja. Alikuwa afisa. Alikuja na santuri moja ambayo haikuvunjwa, amesema imemshangaza jinsi mzee alivyozitoa kirahisi, na anataka kuisikia kidogo. Baba alikuwa ameshaiweka kwenye mashine. Mama alikuwa nyuma ya pazia, anaomba. Mimi nilikuwa nimeshika sindano mpya, sijaipachika bado.

Ndipo ukaingia wewe.

Ulipomaliza na kuubamiza mlango, yule afisa alicheka mpaka akapangusa macho. Akamwambia Baba, "Mzee, mwanao kakuadhibu kuliko sisi." Akaondoka, santuri kaiacha pale pale. Hakurudi tena. Kelele zako zilituokoa, Kaka. Na kadiri ulivyozidi kusema kwa kinyozi na stesheni, ndivyo duka lilivyozidi kuwa salama. Wateja wa kiwandani walitususa miaka miwili. Baba alilivumilia hilo kila asubuhi akifungua mlango.

Siku uliyopanda treni alichukua kofia akufuate. Mimi nilisimama mlangoni nikanyoosha mikono kumzibia njia, nikamwambia ukienda utamwambia, na ukimwambia ataitangazia treni nzima. Angeweza kunisukuma. Alirudisha kofia msumarini.

Utauliza kwa nini sikukwambia baadaye. Mwanzoni hukuandika miaka kumi na moja. Baba akafa, Mama akanilisha kiapo, naye akafa. Hatari iliisha zamani, najua. Woga ndio haukuisha. Na kuna lingine baya zaidi, na naliandika kwa sababu nimeamua kuandika lote: nilipenda kuwa mimi ndiye ninayejua. Wewe ulikuwa mkubwa, mwenye sauti, wa kiume. Hiki ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho na wewe huna.

Zipo santuri thelathini na saba, rafu ya chini, upande wa kushoto, zimeandikwa Hati Mkato. Mara moja alikuja karani mwanafunzi akitaka sehemu ya saba, pesa mkononi, na Mama akamwambia kuna mtu kawekewa. Alirudi mwaka mzima, maskini wa Mungu, akiuliza kama yule mtu kaja. Nakala nyingine duniani siijui. Na rafu hiyo iko upande wako, ule uliomuuzia mwenye dawa. Ningeweza kuzihamishia chumbani kwangu leo hii. Sitaki. Zimefichwa vya kutosha.

Sindano


13 Machi

Kwa Bibi mwenye duka la santuri na vitabu,

Salaam. Napenda kukuarifu kwamba nimepokea barua ya kaka yako yenye saini, ya kukubali kuniuzia upande wake wa jengo. Wakati taratibu za hati zikiendelea, nimeona si vibaya kazi ianze. Fundi mwashi atafika Jumatatu asubuhi kupiga mstari wa ukuta. Tafadhali ondoa vitu vilivyo upande wa kushoto, hasa makreti na ile mashine.

Jirani yako mwema,
Mwenye duka la dawa


17 Machi

Kaka,

Sijui kama barua yangu ya tarehe kumi na mbili imekufikia. Kama haijakufikia, isubiri kwanza, ndipo usome hii, vinginevyo utadhani nimechanganyikiwa.

Jana fundi mwashi alikuja saa mbili na kamba na chaki. Mtu mpole, ana mikono mikubwa, aliomba samahani kabla hajafanya lolote. Akapiga mstari kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Umepita katikati ya kaunta, Kaka. Droo ya sindano iko kwangu, mpini wake uko kwa mwenye dawa.

Nikaburuza gramafoni mpaka juu ya mstari. Nikachukua Hati Mkato, sehemu ya kwanza, nikalowesha kitambaa, nikabandua lebo ya Mama. Ilitoka nzima. Chini yake jina la bendi limekaa kama lilivyoandikwa. Nikamwambia fundi, "Unataka kuondoa santuri dukani kwangu?" Akasema ndivyo alivyoagizwa. Nikamwambia, "Sawa. Hapa hakuna santuri inayotoka mlangoni kabla haijasikilizwa upande mzima. Ziko thelathini na saba. Simama hapo."

Nikafungua milango yote miwili na kugeuza spika za gramafoni zielekee barabarani.

Wimbo wa pili kinyozi alikuwa ameshavuka barabara, wembe mkononi, mteja wake nyuma na povu shavu moja. Wa tano njia ilikuwa imeziba. Watu wazima walikuwa wanaimba, watu ambao mimi nimewauzia kalamu na madaftari miaka yote na sikujua kama wanazo sauti. Mwenye dawa alikuja na koti lake jeupe akaniuliza huu ni upuuzi gani. Nikamwambia sheria. Akasema tangazo la zamani halijawahi kufutwa na yeye anaweza kwenda kushtaki. Nikamwambia aende, ila asimame kwanza upande uishe. Unajua alisimama? Watu walikuwa wamemziba.

Fundi alikaa mpaka saa kumi. Alipoondoka alikunja kamba yake, akasema mama yake alikuwa msokota nyuzi pale kiwandani na leo ndiyo ameelewa wimbo aliokuwa akimuimbia. Mstari hakuufuta. Alisema hiyo si kazi yake.

Lakini sikuandikii kujisifu. Yule mkunga alikuja saa saba. Unamjua ni nani, ni mke wa yule mwimbaji ambaye hakurudi. Alisimama na mkoba wake kama kawaida. Sauti ya mumewe ilipotoka hakulia. Ilipoisha, akaniuliza, "Kila Ijumaa nilipokuwa nasimama hapa, hii ilikuwa ipo?" Nikasema ilikuwa ipo. Akasema, "Mita mbili kutoka kwangu." Akaomba niirudie.

Niliirudia mara nne. Nimesimama mbele ya mwenye dawa sikutikisika, lakini mbele ya mkunga nilitamani sakafu inimeze.

Ukuta haujajengwa na hautajengwa nikiwa hai. Nimeweka kiti changu juu ya mstari na hapo ndipo nauzia. Wewe fanya unalotaka.

Sindano


22 Machi

Sindano,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili imefika. Usiniandikie mpaka nikuandikie.


29 Machi

Sindano,

Sasa zimefika zote mbili. Nimezisoma chini ya ngazi, kwenye chumba cha mashine ya lifti, maana nyumbani sikuweza kukaa. Mwenzangu aliyerithi kazi yangu aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, miaka mingi iliyopita, habari ndiyo imefika leo.

Yule mtu wa shati la mikono mifupi namkumbuka. Nilipoingia nilimwona, na nilipandisha sauti kwa ajili yake. Nilitaka wateja wasikie, na yeye alikuwa karibu zaidi. Kwa hiyo usiniambie niliwaokoa. Mlinitumia. Mlinijua nitalia wapi na nitalia namna gani, mkaniacha nilie, mkakaa nyuma ya pazia. Na hata kama hamkupanga niingie saa ile, mlipoona imewafaa mliniacha niendelee miaka thelathini na minane. Nimemchukia mtu aliyekuwa jasiri kuliko mimi na wenzangu wote getini. Sisi tuliimba, tukachoka, tukaenda nyumbani. Yeye alifungua mlango kila asubuhi na kutazamwa kama takataka, na hakusema.

Na wewe umesimama mlangoni, ukanyoosha mikono. Ulikuwa mtoto, najua. Lakini ulipofika miaka ishirini hukuwa mtoto. Ulipofika arobaini hukuwa mtoto. Nimejaribu siku saba kukusamehe, nimeshindwa, na sitakudanganya kwamba nimefaulu. Yule mkunga naye usidhani ukimpigia mara nne mmemalizana.

Sasa mambo ya duka. Mwenye dawa nimemwandikia leo. Nimemwambia saini yangu ilikuwa ya kukubali tu, hati halisi iko kabatini kwangu na haitoki. Akitaka mahakama nitamngoja huko na magoti yangu haya. Nusu yangu haiuzwi. Sikufanya hivyo kwa ajili yako. Nimefanya kwa sababu ni rafu ya Baba.

Nimekata tiketi. Nafika tarehe tisa Aprili. Usibandue lebo yoyote tena mpaka nije, nataka kuziona zilivyoshikwa na gundi ya Mama. Santuri ya kwanza tutakayoitoa ni ya mkunga, ile yenye sauti ya mumewe, aende nayo kwake, na mtu asinitajie habari ya nakala pekee.

Halafu waite watu, Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi. Mwite kinyozi, mwite fundi mwashi na mama yake kama yupo hai, waite wote wa kiwandani waliobaki, wale waliotususa. Mwite na mwenye dawa. Baba nilimtukana dukani, mlango ukiwa wazi na watu wamejaa. Siwezi kwenda kumwomba radhi makaburini, peke yangu, kwa kunong'ona. Nitasimama pale pale niliposimama, na kwa sauti ile ile niseme nani alikuwa mwoga na nani hakuwa.

Nikimaliza mimi, utasimama wewe, useme ya kwako yote, ya mlangoni na ya baada ya hapo. Mimi nitakuwa mbele kabisa. Sitakukatisha neno.

Kaka yako,
Spika